Mzani wa Zabibu

Huu mzani ulikuwa wa zabibu.
Bati lake limebonyea upande wa kushoto,
panapotua kreti la kwanza siku zote,
na wewe, Yoramu, uligombana juu yake na wanunuzi wa mjini
nusu kilo kwa nusu kilo, mpaka jua likupasue utosi.

Sasa kabla ya chai, ukishatoka msalani,
unavua koti, unavua katambuga,
unapanda wewe.
Sindano inatetemeka, inatulia.
Sitini na moja na nusu.
Unaandika kwenye daftari la mikopo,
nyuma ya majina ya watu wasiotulipa tangu mavuno ya Machi.

Sista Sechelela alisema: moyo haujafa, umechoka.
Ni kama pampu ya bwawani Hombolo inayovuta tope;
maji yasiposukumwa yatatuama mahali,
vifundoni, tumboni, usiku yapande mapafuni.
Kilo mbili kwa siku tatu si unene, mama.
Ni maji. Nipigieni.
Namba yake nimeichora kwa mkaa juu ya mlango wa jiko,
maana simu huzima, ukuta hauzimi.

Usiku ule wa Juni sikuyajua hayo.
Ulilala umekaa, mgongo kwenye gunia la uwele,
unahema kama mtu aliyepanda kilima na mzigo,
nami nikadhani ni vumbi.
Hapa kwetu kila kitu ni vumbi
mpaka kiwe kitu kingine.

Nikaondoa magadi kwenye mlenda.
Unajua maana yake hiyo, kwa mwanamke wa Kigogo?
Mama yangu angefufuka anikanye.
Nikakamua ndimu, nikatwanga kitunguu saumu.
Ulionja, ukatazama ukuta, ukasema asante
kama mtu aliyepewa risiti ya faini.
Nami nikala hichohicho. Sufuria moja, ulimi mmoja.

Jumanne nikakukuta zizini,
umechuchumaa kando ya ndama,
jiwe la chumvi la ng'ombe mkononi, ulimi nje.
Ndama anakutazama. Mimi nakutazama.
Nilicheka mpaka nikakaa kwenye samadi,
halafu nikalia kidogo. Hukuona. Au uliona.

Sikukwambia neno.
Mimi si askari wa mdomo wako.

Asubuhi sindano ikasema sitini na tatu.
Ningeweza kuandika mwenyewe; nikakupa kalamu.
Ukaandika 63. Ukakaa nayo.
Kisha pembeni, kwa mwandiko wako wa darasa la nne:
nimelamba.

Ulipiga simu wewe, si mimi.
Nilikusikia ukimweleza sista habari za jiwe,
ukimtaja na ndama, kama shahidi.
Akaongeza dawa ya maji kwa siku tatu,
nawe ukawa unakimbilia msalani kama kijana, ukitukana njia nzima.

Jioni nabonyeza kifundo chako kwa kidole gumba.
Shimo linabaki, nahesabu,
moja, mbili, tatu, nne,
linajaa. Jana nilifika tisa.

Jumamosi wanunuzi wanakuja.
Nimewaambia wasifike kabla ya saa mbili.
Mzani una kazi.