Baraza

Lugha hii ina ubahili wake: neno moja
limepewa kazi mbili kwa mshahara mmoja.
Baraza ni lile la mji, lenye muhuri na dereva.
Baraza ni hili letu, saruji futi nne
mbele ya nyumba, Koboko, barabara ya kwenda mpakani.

Mwezi wa tatu la kwanza lilikuja kulipima la pili.

Walikuja watatu, na utepe, na kopo la rangi nyekundu.
Aliyeshika utepe alikuwa Candia wa Mama Eyotaru,
aliyejifunza kuhesabu hapahapa, kwa vizibo vya soda,
na kila mara akiruka saba.
Hakuniangalia. Alisema, "Mita moja na robo, Mama.
Lami inahitaji nafasi ya kupumua."
Nikamuuliza: na sisi tupumulie wapi?
Akaandika.

Sikatai lami. Msinielewe vibaya.
Vumbi la malori ya Juba nimelila miaka ishirini na sita,
nimelifuta kwenye sahani, kwenye picha ya marehemu,
kwenye masikio ya wajukuu.
Nguzo za umeme zilipofika nilipiga vigelegele,
nikanunua balbu kabla ya waya.

Lakini kwenye futi nne hizi
Hajati Zamunda alipanga vikapu vyake kila Jumatano;
Wani fundi redio alilala siku aliyofukuzwa na mkewe,
na usiku wa pili mkewe akalala hapo pia,
kusudi asikose la kumwambia asubuhi;
hapa tulihesabu mchango wa jeneza la mtoto wa Poni,
noti za elfu moja moja, laini kama vitambaa vya kufulia;
hapa waliovuka mpaka mwaka ule wa risasi
walikaa bila neno hadi chai ikachemka,
na mmoja hajaondoka, ndiye anayesaga mihogo ng'ambo ya barabara.

Utepe wao unaishia mita thelathini.

Jumatatu ikaja mashine. Dakika tisa.
Nilikuwa nimeinjika maharage; hayakuwahi hata kulainika.

Jioni watu wakaja kama wanaokuja matangani,
wakasimama, maana pa kukaa hapakuwapo.
Wani akasema, "Nyuma je?"
Nyuma kuna choo, kuna kuku, kuna ukuta
marehemu aliojenga kwa hofu ya wezi
na ambao wezi hawakuwahi kuutazama.
"Basi," alisema, "leo si ndiyo siku ya kubomoa?"

Tukabomoa. Na upande wa pili, mnajua tulikuta nini?
Watu. Nyumba nzima ya watu.
Miaka minne tumesikia kinu chao na kikohozi chao
tukasema ni wapangaji, watahama.
Mama mwenyewe, Asibazoyo, alitutazama tukitokea tunduni,
weupe kwa vumbi kama mizimu ya unga,
akasogeza sufuria, akasema tu:
"Karibuni. Mmechelewa."

Sasa nyumba yangu imeupa mji mgongo.
Mbele lami inang'aa, pikipiki zinapita bila kusalimia.
Barua za baraza zinasukumwa chini ya mlango wa mbele:
fidia, zinasema, iko njiani.
Njia siku hizi ni nzuri. Sijui kinachoichelewesha.

Usiku mmoja Candia alikuja kwa nyuma, bila utepe,
kwenye pikipiki amefunga kitu kwa mpira.
Kipande cha saruji, chenye unyayo wa Keji wangu
alipoikanyaga mbichi, ana miaka mitatu, akachapwa.
Keji yuko Juba, anauza madirisha ya alumini,
hapigi simu sana.
Candia alikiweka chini, karibu na mtungi.
Akavihesabu vidole kwa sauti, polepole, hadi vitano.
Sikumpa kiti. Baadaye nikampa.

Mvua ikinyesha unyayo unajaa.
Kuku wa Asibazoyo wanakunywa humo, na wangu.