Kimo cha Nsia

Dalali Kileo alipima kwa miguu yake mwenyewe,
hatua ndefu za mtu anayeisubiri kamisheni:
ishirini kwa thelathini, mawe ya chokaa kila pembe,
udongo mweusi, mama, ukidondosha mbegu unageuka na kuchuma.
Hakusema mto uko wapi.
Rau ulikuwa nyuma ya migomba, unasikika
kama mgeni anayeoga taratibu asiwaamshe wenyeji.

Milioni nne na nusu. Anaeli akanitazama
kwa jicho lile la mwisho wa mwezi.
Bei ina masikio, nikamwambia. Hii imesikia kitu.

Ndipo nikauona ukuta wa jirani.
Mstari wa kahawia, umenyooka kuushinda uzi wa fundi,
umeizunguka nyumba nzima, kama kanga iliyofungwa kifuani.
Mama Aikande alikuwa kizingitini, anachambua maharage.
"Nimeupaka rangi mara mbili," alisema,
"ya kwanza nyeupe, ya pili krimu. Unarudi."
Ni masika ya mwaka gani?
Akanijibu kwa jina la mbuzi: "Mwaka wa Doli.
Tulimpandisha juu ya kabati. Akala ratiba ya ibada, akapona."

Nsia, miaka saba, hakuambiwa na mtu.
Aliegemea ukuta ule kama wanavyopimwa shuleni,
visigino pamoja, kidevu juu.
Mstari ulipita juu ya kichwa chake
vidole viwili.

Tulikwenda kwingine, usidhani hatukwenda.
Old Moshi shemeji alitukatia kipande cha kihamba, bure,
ila kimelala ubavu. Mkahawa mmoja
ulikuwa umeteremka na udongo wake hatua tatu
bila kung'oka, na bado unazaa.
Ardhi ya mababu haimtupi mtu, alisema shemeji.
Niliutazama ule mkahawa. Nikaomba maji ya kunywa.

Chini, njia ya TPC, hapana mto wala mteremko,
hapana na bomba: watu wananunua ndoo,
na upepo wa Agosti unaazima mabati bila kurudisha.
Mjini, penye mwinuko na lami, milioni thelathini.
Huko hatukushuka hata kwenye bodaboda.

Usiku, kwenye daftari la hesabu la Nsia:
mto huja baada ya miaka mingapi?
mlima husogea lini?
kiu?
Kiu ni kila siku, Anaeli akasema, akapigia mstari.
Watu husema mgawaji ni Mungu. Sikatai.
Bei za viwanja sidhani kama alizipanga Yeye.

Siku ya msingi nilimsimamisha Nsia shimoni.
Panda hadi utosini kwake, nikamwambia fundi Mtui,
ongeza vidole viwili, kisha ongeza dhiraa moja
kwa ajili ya mto usiokumbuka uliishia wapi.
"Mama, tunajenga nyumba au jukwaa?"
Chumba cha tatu kikaingia ardhini, kikawa mawe.

Sasa ni ngazi kumi kufika mlangoni.
Mama mkwe hupumzika ya tano, anasema neno kwa Kichaga
ambalo Anaeli hanitafsirii.
Hati na vyeti viko juu ya kabati, mahali pa Doli.
Masika yakianza mto hubadili sauti;
naamka, nashuka na tochi hadi ngazi ya mwisho,
naigusa kwa kiganja. Mvua tu.
Napanda nikihesabu.

Jumapili Nsia alisimama tena penye ukuta wa jirani.
Macho yake sasa yanaona juu ya mstari.
Mama Aikande akapiga makofi: amekua, jamani, amekua!
Nami nikapiga makofi,
nikageuza sikio kidogo
upande wa migomba.