Paka Ukingoni mwa Meza

Nilimtumia mama paka.
Paka wa kijivu, mnene, anausogelea ukingo wa meza,
anapiga chafya, anaanguka,
anaibuka tena mezani kana kwamba sakafu imemrudisha kama chenji,
anapiga chafya, anaanguka.
Sekunde tatu zisizo na kikomo.
Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kufulia,
ghorofa ya chini kabisa ya hoteli, Luxemburg,
mashuka ya wageni yakizunguka nyuma ya kioo,
nayo hayana kikomo.

Mama akajibu kutoka kijijini, milima ile ya nyuma ya Bragança:
"Mtoeni hapo. Ataanguka."

Nikadhani ni mzaha. Mama ana mizaha mikavu,
mikavu kama soseji anazozitundika juu ya moshi tangu Novemba.
Nikamtumia mtu anayecheza,
tumbo wazi, mkono juu, mguu huku, mguu kule.
Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, anatimiza sabini na mmoja.
Akajibu: "Huyu anataka kumpiga nani?"

Nikamtumia mtoto mchanga anayeonja limau:
uso unakunjamana, unakunjuka, macho yanamtoka, anataka tena.
"Mzuri. Wa nani?"
Swali lile nililiacha lining'inie siku mbili,
maana nina miaka thelathini na minane,
na kwetu "wa nani" si swali dogo.

Nikamtumia mvua ya maua. Akasema haoni kitu, ni anga tu.
Nikamtumia midomo inayorusha busu,
busu linaota mabawa, linapaa.
"Idalina, mbona umenuna?"

Mwaka mzima hivyo.
Nikaanza kumwambia Zulmira, mwenzangu wa zamu ya usiku,
kwamba mama anazeeka vibaya,
kwamba kila ninachompelekea kinaharibikia njiani, kama maziwa.

Desemba nikapanda basi, usiku na mchana,
miguu ikaumuka kama mkate.
Mama alikuwa jikoni anakatakata kabichi ya supu, nyembamba kama uzi.
Simu yake imeegemea chupa ya mafuta ya zeituni,
simu aliyoirithi kwa mjomba Abílio,
kioo kimepasuka kama barafu ya dimbwi iliyokwisha kukanyagwa.
Nikaketi kando yake, bega kwa bega, nikamtumia paka yuleyule.
Ikalia. Amefika.

Paka alikuwa amesimama.
Ukingoni, mdomo wazi kidogo, chafya haijaja.
Nikangoja. Mama naye akangoja, kwa adabu tu.
Paka hakuanguka.

Simu ile haichezeshi. Inashika picha ya kwanza,
zilizobaki inazitupa.
Mwaka mzima mama yangu alikuwa akipokea mianzo:
mkono kabla haujawa ngoma,
mtoto kabla ya limau,
anga kabla ya ua la kwanza,
midomo kabla ya busu.

Nikampa yangu atazame.
Chafya, puu, juu. Chafya, puu, juu.
Alitazama mara tano, mara sita. Hakucheka.
"Na hapo ndipo inapoishia?"
Haiishi, mama.
"Maskini! Wangu hajaanguka hata siku moja."

Kwenye begi nilikuwa na simu mpya, zawadi, bado imo kwenye nailoni yake.
Akashukuru, akanibusu,
akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Sasa nimerudi kwenye mashuka.
Siku hizi kabla sijatuma huikagua kwanza ile picha ya mbele,
pale ambapo mtu bado hajaamua.
Jana nilimpata mwanamke mlangoni, mkono kwenye komeo.
Mimi najua kinachofuata: anafungua, anarusha mikoba,
mbwa watatu wanamparamia.
Mama ataona mlango tu, na mkono.

Nikatuma.
Akajibu kabla mashine haijamaliza kukamua:
"Ingia. Supu ipo."