Semina ya Vitendo

Tuliondoka Kalinzi kahawa haijaanikwa vichanjani,
watu watano, kamba mbili, sufuria moja ya wali
na dagaa wa kukaanga ndani ya gazeti la juzi.
Zilahuye mbele, kamba begani
kama abebaye mtoto aliyepitiwa na usingizi.
"Nani hajawahi kuning'inia?"
Mikono minne ikapanda.
"Vizuri. Wanaojua ndio wanaonisumbua."

Mimi ni karani wa mizani, kiwandani Mwanga.
Napima magunia ya mise, naandika, nagonga muhuri.
Miaka kumi na moja sijapanda kitu kinachozidi stuli.
Mama nimemwambia nakwenda semina.

Kupanda kwenyewe sikusimulii kwa urefu:
migomba, kisha nyasi zinazokata,
kisha pumzi ya mashine ya kukoboa.
Kigongoni tukageuka.
Tanganyika chini, bati jipya lisilo na msumari,
ng'ambo yake milima ya Kongo,
samawati nyuma ya samawati.
Bayaga, mwalimu wa jiografia, akaanza kututajia kina kwa mita,
akanyamaza katikati ya tarakimu.

Maporomoko niliyasikia kwanza kwa nyayo.

Zilahuye akafunga fundo, akalivuta kwa meno.
"Baba yangu alikwea michikichi miaka thelathini.
Fundo hili ni lake. Hiki chuma ni cha dukani."
Akakigonga kwa ukucha. "Naviamini vyote viwili,
lakini si sawasawa."
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
sikumsifu.
Maji yalikuwepo ya kutosha.

Hatua ya kwanza ni ya kinyumenyume.
Hakuna aliyewahi kunifunza kuondoka hivyo,
uso kwa unachokiacha, kisogo kwa unakokwenda.
"Kaa!" akapaza sauti. "Kaa kama kwenye kigoda!"
Kigoda kiko wapi?
Nikakaa hewani.

Katikati ya mwamba mguu ukateleza.
Nikazunguka kama paja kwenye ndoano ya bucha,
maji yakanipiga kofi, la pili, nikaacha kuhesabu,
halafu ghafla hayakuwepo.
Nilikuwa nyuma yake.
Palikuwa pakavu, padogo kama kabati,
na kwenye ufa, kiota cha matope,
vifaranga watatu, midomo wazi.
Hawakuniogopa. Walidhani nimeleta chakula.
"Samahani," nikawaambia, "sina kitu,"
na sauti yangu, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri,
haikutetemeka.

Chini, dimbwi lilinipokea kwa baridi ya kutukana.
Nyamwiza alikuwa anacheka, mguu mmoja peku:
kiatu chake cha kushoto kimekwenda na maji.
"Kiache," akasema, "kiwahi ziwani,
kikaonane na migebuka."

Mteremko wa pili siukumbuki vizuri.
Wa tatu niliomba nitangulie.

Jioni, wali umepoa, dagaa wamelainika kwa unyevu,
hakuna aliyelalamika, hata Bayaga,
ambaye hulalamikia chaki.
Zilahuye alikunja kamba pima kwa pima,
akiipapasa kutafuta palipochubuka.
Nikamuuliza, kwa woga wa jibu,
"Baba yako alianguka?"
"Hapana. Alizeeka."
Akafunga mkoba. "Watu hawaipendi hadithi hiyo."

Nyumbani, mama akiepua chungu:
"Semina ilikuwaje?"
"Ya vitendo."
Akatazama viwiko vyangu, akatazama nywele,
akaniongezea mchuzi.

Usiku nikajilaza ubavu,
na sikioni, taratibu, yakatoka maji,
vuguvugu, matone mawili au matatu,
mto ukiingia kwenye mto.