Safu ya Mengineyo

Jumapili usiku, watoto wakishalala,
tunafungua daftari la miraba juu ya meza ya jikoni,
Mhina na mimi, na mita ya gesi ukutani
inatuhesabia kwa sauti yake ya mdudu.

Kodi ya nyumba: mia tisa na arobaini.
Hapo hatubishani. Mwenye nyumba hana masikio.
Ushuru wa baraza la mji. Maji. Nauli ya basi.
Viatu vya Tunu, ambaye miguu yake
haijui kwamba mwezi una tarehe.

Yeye huandika saba yenye mkanda kiunoni,
saba yangu mimi iko uchi;
kwa hiyo tukirudi nyuma hadi Novemba
tunajua nani alitumia nini,
na nani alinyamaza.

Halafu safu ya mwisho: Mengineyo.
Neno moja tu, lakini lina vyumba.
Katika chumba kimoja nimeficha upatu
ninaocheza na wenzangu wa zamu, kule tunakotunza wazee;
kupokea kwangu ni Agosti. Sijamwambia.
Katika kingine yumo dada yake wa Muheza
na paa ambalo, kwa hesabu zangu,
limeezekwa mara tatu.

Leo kalamu yake imesimama hapo.
"Mama Tunu, hii thelathini na tano ni nini?"
"Na hiyo sitini yako?"
Tukatazamana kama watu waliokutana mlango wa nyuma,
kila mmoja mkono mgongoni.

Ningeweza kusema: sare ya kazini.
Nje, mvua ya Coventry, isiyo na radi wala haraka.
Nikasema: upatu.
Akanyamaza hadi chai ikaota utando.
"Paa lilikwisha tangu Pasaka," akasema.
"Hilo ni deni. Ulipolazwa nilikosa zamu, nikakopa.
Sasa nalisha riba."

Sikumkemea. Kusamehe nako, si papo hapo.
Nilichukua rula ya Tunu nikaigawa ile safu:
Upatu. Deni. Na Mengineyo tukayaacha,
maana nyumba isiyo na uchochoro huchosha,
ila tukayawekea mpaka:
pauni kumi kila mtu, hakuna kuulizana.

Mita ikalia. Salio la dharura.
Tukainuka wote kuitafuta kadi,
naye, koti tayari mabegani, akanyoosha kiganja.
"Nikopeshe tano."
"Katika kumi zangu?"
"Katika kumi zako."