Maji Matamu

Langoni, uani kwetu,
kisima cha Bi Mwanate hakijapata kuonja chumvi.
Watu walitoka hadi Kashmiri na madumu
kwa utamu wake tu.

Kisha ghorofa la wageni likapanda,
la tatu, la nne,
na shimo lake la choo likashuka
kimya, bila hodi.

Shekuwe kaharisha siku tano.
Mpimaji akauliza: mwanywa maji ya wapi?
Nikajibu kwa fahari.
Akaandika. Hakuinua macho.

Nimerudi, nimeteka, nimeonja.
Matamu vilevile.
Hilo ndilo liniudhilo:
yangekuwa na adabu
yangechacha kidogo,
yangenikunja uso
kabla ya kumfikia mtoto.

Roshanini, jirani ananipungia.
Amepata wageni sita;
aomba ndoo mbili.