Ubeti wa Tatu

Bi Mbuke aliimba beti mbili, akanyamaza.
"Wa tatu hauji nikiwa nimekaa kitini.
Ule makazi yake ni mpini."

Nikakiacha kinasa sauti juu ya tuta,
kitaa chake chekundu kikipepesa,
nikashika jembe, mimi mtu wa kalamu,
katika udongo mweusi wa Kayenze,
ziwa liking'aa nyuma ya matembele.
Alinicheka. Akalima. Nikamfuata.
Na ubeti ukaja,
si kooni kwake: mgongoni,
ukapanda na jembe, ukashuka nalo.

Usiku, chumbani Kirumba, nasikiliza.
Jembe. Jembe. Kuku.
Mtu anahema kama ng'ombe mgonjwa.
Ni mimi, nimeyafunika maneno yake yote.
Limepona moja tu: *mbula*.

Daftarini, safu ya maneno, naandika *mbula*,
halafu nukta, nukta, nukta.
Safu ya ala:
jembe moja,
na la pili, linachelewa.

Kesho narudi. Malengelenge hayajapasuka.
Nilipomuuliza wimbo una beti ngapi
alilitazama shamba kwanza,
toka mwembe mpaka majini,
ndipo akajibu: "Saba.
Pengine nane."